Habari za Kupeleka Mafaili kutoka Pwani ya Mtwara hadi Seva ya Mbali

Katika kurasa hizi nakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kazi ambayo sisi wachunguzi wa lugha huifanya bila kuifikiria sana, nayo ni kupeleka mafaili ya sauti na maandishi kutoka mahali yalipokusanywa hadi kwenye kompyuta ya mbali ya kuhifadhia, yaani seva. Tena kuyapeleka kwa amri zilizoandikwa mara moja, ambazo mashine huzitimiza yenyewe kila usiku pasipo mtu kuisimamia. Mfano wangu ni pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma.

Maneno ya watu wa pwani hii yalianza zamani kusafiri. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa Gavana wa Kijerumani, kisha mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin, alikusanya habari za miji ya kusini, zikiwamo za Lindi na Sudi, na kuzipiga chapa huko Berlin mwaka 1907. Tangu hapo mtu wa Sudi aliyetaka kuzisoma habari za mababu zake kama zilivyoandikwa ilimpasa akitafute kitabu kilichotoka Ulaya. Miaka themanini baadaye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Helsinki, kati ya 1988 na 1992, kukusanya lahaja na masimulizi na kuyatia katika hifadhi ya kompyuta. Siku hizo sauti ilikaa kwenye kanda, na kanda husafiri mkobani mwa mtu.

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa ikitengenezwa mbali sana na Ruvuma. Abhay Bhushan, kijana wa Kihindi aliyekuwa akisoma chuo cha MIT kule Marekani, aliandika mwaka 1971 kanuni za kwanza za kuhamisha mafaili baina ya kompyuta mbili, ambazo hata leo hujulikana kwa herufi tatu, FTP. Mwaka 1979 toleo la saba la mfumo wa Unix lilitoka likiwa na vitu viwili vinavyotuhusu. Cha kwanza ni saa ya kazi iitwayo cron, ambayo huamsha amri kwa wakati uliopangwa. Cha pili ni mfasiri wa amri aliyetungwa na Stephen Bourne, ambaye huweza kusoma amri nyingi zilizopangwa katika faili moja na kuzifuata kwa taratibu. Huyo mfasiri Waingereza humwita kwa jina la ganda la kombe. Kulitohoa jina hilo hakufai, kwa sababu kwa Mtanzania sheli ni mahali pa kununulia petroli, neno tulilolipata kwa kampuni ya Shell. Basi mimi nitamwita ganda, na lile faili la amri nitaliita hati ya amri.

FTP ilikuwa na aibu moja kubwa: neno la siri lilipita njiani wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995 kulikuwa na wizi wa maneno ya siri katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, na mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akabuni SSH, ambayo hufumba kila kipitacho. Mwaka uliofuata Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia walitoa rsync, ambayo hulinganisha kilichopo huku na kilichopo kule, ikapeleka tofauti tu. Kwa vitu hivi vinne, yaani saa, ganda, SSH na rsync, hati ya amri ya mistari kumi yatosha.

Sasa tuitazame Mtwara. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa ukaja kufika mikoani. Hata hivyo, mtu anayerekodi Kimakonde cha Maraba vijijini Madimba au Msangamkuu mara nyingi hutegemea simu ya mkononi. Sauti ya saa moja, ikirekodiwa kwa ubora unaotakiwa na hifadhi, hufika gigabaiti 1 na kidogo. Kwa njia ya megabiti 1 kwa sekunde, saa hiyo moja huchukua saa mbili na dakika kumi na nane kupanda. Umeme ukikatika katikati, FTP ya kale huanza upya. Rsync huendelea ilipoachia, lakini sharti iamriwe kukitunza kipande kilichokwisha fika. Isipoamriwa, yaweza kukifuta. Wengi hulisahau jambo hili, nao hushangaa kwa nini faili lilelile linapanda kwa usiku tatu.

La hatari zaidi ni amri ya kuifanya seva ifanane kabisa na kompyuta ya huku, hata kwa kufuta. Diski ya huku ikiharibika na folda ikaonekana tupu, hati itautii utupu huo na kufagia hifadhi saa nane za usiku, bila kelele yoyote. Mimi naona amri hiyo isiingie kamwe katika hati ya kupelekea sauti za wazee. Tena hati iandike daftari: saa, idadi ya mafaili, na kama imefaulu. Daftari lisilosomwa na mtu, bila shaka, ni sawa na kutokuwapo.

Kufumba si anasa kwenye pwani hii. Tangu Oktoba 2017 kuna vita Cabo Delgado. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, kilishambuliwa. Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa, watu wakakimbia. Msemaji wa Kimwani anayesimulia alikotoka amempa mtafiti jambo linaloweza kumdhuru yeye au nduguze waliobaki. Na kwa kuwa hati hufanya kazi usiku bila mtu wa kuandika neno la siri, ufunguo wake hukaa wazi katika kompyuta. Anayeiba kompyuta ameiba ufunguo. Kwa hiyo ufunguo huo ufungwe kule kwenye seva, uruhusiwe kupokelea mafaili tu, usiweze kusoma wala kufuta.

Lipo na suala la mahali penyewe. Hifadhi ya Lugha Zilizo Hatarini, iliyoanzishwa London mwaka 2002, ilihamia Berlin mwaka 2021, mji uleule wa Velten. Sina ugomvi na Berlin. Hifadhi yake ni nzuri. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na Tanzania karibu yote ikakosa mawasiliano na ng'ambo. Hati inayojua seva moja tu ya Ulaya ilibaki siku hiyo ikijaribu na kushindwa. Kuongeza mstari wa pili, wa kupeleka nakala hiyohiyo Dar es Salaam kwanza, ni kazi ya dakika tano, na mzee wa Msimbati atakayetaka kusikia sauti ya marehemu kaka yake atakuwa na mahali pa kuulizia ndani ya nchi yake.