Kirangozi, Masurufu na Dago

Pale Ipogolo, ambapo barabara kuu ya Zambia hupita chini ya mlima na kuiacha Iringa mjini kule juu, gari la kwenda porini hutafutwa kwa maneno kabla ya kutafutwa kwa macho. "Tunakodi magari," husema mwenye gari. La, kaka yangu. Wewe unakodisha, anayekodi ni yule mgeni mwenye kofia ya kaki. Kiambishi -ish- hakikuwekwa pale kwa urembo. Ndicho kinachotuonyesha pesa inatoka mfuko gani na kuingia mfuko gani, na biashara ya uwindaji wa mbali, yenye mikono mingi kati ya mteja na mnyama, ikikipoteza inabaki gizani.

Gari tunalikodi. Je, mtu? Siku hizi nasikia "amekodi mpishi", "amekodi mfuata nyayo", na sikio langu linakataa. Kiswahili humwajiri mtu, au humpa kibarua, au hupatana naye ujira. Mtu akikodiwa huwa mamluki. Ndiyo maana tunasema "askari wa kukodiwa" tukiwa tumekunja uso. Mpishi wa kambini hajatenda kosa lolote la kustahili kitenzi hicho.

Ila wapatanishi wa Ipogolo wana kipande kimoja cha lugha ambacho mwanasheria yeyote angekionea wivu: "juu ya". "Mafuta juu yako, dereva juu yangu, akilala njiani chakula chake juu yako." Sentensi moja, na mkataba umekwisha. Hakuna "atagharimia", hakuna "atawajibika kwa". Anayeandika mikataba ya safari za uwindaji kwa Kiswahili kizito cha ofisini akasimame pale stendi nusu saa na kalamu yake.

Yako malipo ya kutangulia, yale ya kumfunga mwenye gari asimpe mwingine. Stendi husema advansi, maofisini husema malipo ya awali. Jina lake la zamani ni arubuni, neno tulilolipokea kwa Waarabu, na ambalo Waebrania na Wagiriki wa kale walikuwa nalo pia kwa maana hiyohiyo, kwa sababu wafanyabiashara wa bahari zile walihitaji kuaminiana kabla ya mzigo kufika. Nalipenda kwa jambo jingine: limekaa mlango wa pili na kurubuni. Mwindaji anayetuma arubuni kutoka ng'ambo, miezi mingi kabla ya kuona hata hema, angefaidika kuwajua majirani hao wawili.

Sasa tufike kwenye shimo lenyewe la msamiati. Yule anayekusanya mahema, unga, mafuta, chumvi ya kukaushia ngozi, mpishi, mchunaji na gari la akiba, kisha akamkabidhi mgeni vyote vikiwa tayari, tunamwitaje? "Kampuni ya uwindaji" ni jina la mwenye leseni na kitalu, wala si la kazi hii. "Wakala" ni mtu wa kati, anaweza asiguse hata kamba ya hema. "Mwandaaji" huandaa pia harusi na semina.

Neno la vitu vyenyewe tunalo, nalo ni zuri mno: masurufu. Serikalini limekonda, limebaki fedha za safari ambazo mtumishi hupewa na kisha kuandamwa azirejeshe kwa risiti. Lakini litazame kwenye ukoo wake. Masurufu, sarafu na sarufi zimetoka tumbo moja la Kiarabu, lenye maana ya kugeuza na kutumia: fedha hugeuka vitu, neno hugeuka umbo. Hatuwezi basi kumwita mtu wetu "msarifu"? Tungeweza, ila wanafunzi wangedhani ananyambulisha vitenzi. Mimi napendekeza mfungasha safari. Muundo wake ni uleule wa mpiga debe na mchuna ngozi, kwa hiyo hakuna atakayeuliza umetoka baraza gani la lugha. Najua vijana wamekiteka kitenzi "kufungasha" kwa maana ya makalio. Watacheka wiki mbili, kisha watazoea.

Kazi hiyo si ngeni kwetu kiasi cha kukosa jina. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki 1897, alikuwa akiwapatia Wazungu wa misafara bidhaa na wapagazi wa kwenda bara. Ni mfungasha safari kwa kila kigezo, miaka mingi kabla ya gari la kwanza kupanda mlima wa Kitonga.

Na katika misafara ile kila mtu alikuwa na cheo chenye jina. Hamali hubeba bandarini na sokoni, akitua mzigo anakwenda kwake; mpagazi hutembea nao siku kwa siku. Jina lake ni la kitenzi pagaa, kubeba begani, ndicho kilekile cha pepo kumpanda mtu mpaka akapagawa. Kilimanjaro wapagazi wako hadi leo. Porini Rungwa gari limechukua nafasi yao, lakini gari likikwama kwenye mchanga wa korongo na mahema yakavuka kwa mabega, tusiwaite "vijana wa mzigo". Wana jina.

Aliyetangulia mbele ya msafara na bendera, akichagua njia na mwendo, ni kirangozi. Nalidai neno hili kwa nguvu zaidi, kwa sababu istilahi iliyokalia kiti chake hainiridhishi. Yule mtaalamu mwenye leseni anayemwongoza mgeni hadi kwenye nyati, na kumaliza kazi mgeni akikosea, anaitwa "mwindaji bingwa". Bingwa wa nini? Bingwa hushinda mashindano, hupewa kombe. Huyu kazi yake ni kumzuia mwenzake asipige risasi isiyofaa, na kurudisha watu wote hai. Kirangozi wa uwindaji: mgeni yuko nyuma yake, na neno linamweka hapohapo.

Kuhusu mahali, sheria na lugha zimeelewana kuliko tunavyodhani. Hifadhi ni ya kulindwa, kama hafidhi alindavyo Kurani kifuani, herufi isipotee. Akiba hutunzwa ili itumike. Kwa hiyo katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hakuna kuwinda, na katika Pori la Akiba la Rungwa kunawindwa kwa leseni. Kabla ya 1964 Ruaha ilikuwa sehemu ya akiba ileile ya Rungwa. Kilichobadilika mwaka ule, kwa macho ya nyati, kilikuwa nomino. Anayekodi gari Ipogolo akisema "naenda kuwinda Ruaha" amekiri kosa kabla ya kuwasha injini.

Neno kitalu sitaligusa sana. Ukilitamka Mafinga, mtu anaona miche ya misonobari iliyopangwa mistari. Ukilitamka ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, anaona nchi isiyo na ukuta ambayo mpaka wake ni mto na kilima, na ambayo tangu 2019 imekuwa ikinadiwa mtandaoni. Ningependa "mawindo", lakini hilo tayari ni mnyama mwenyewe. Kitalu kimeshaota mizizi. Kibaki.

Linalonikalisha kitako ni nyara. Pembe, ngozi na fuvu anavyorudi navyo mgeni ni nyara. Ukikutwa navyo bila kibali ni "nyara za serikali". Wapo wanaolichukia neno hili, wanasema linanuka vita na utekaji, wanataka "kumbukumbu ya uwindaji". Nawaomba wafuate njia ya gari walilolikodi. Kilomita chache tu kutoka Iringa mjini, kabla hata vumbi halijawajaa, watapita Kalenga. Humo kwenye makumbusho mna fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alijipiga risasi Julai 1898 asishikwe na Wajerumani. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukalitaja fuvu hilo na kuagiza likabidhiwe Waingereza, na bado Wahehe wakangoja hadi 1954. Ile ndiyo nyara kwa maana yake ya kwanza: kitu cha aliyeshindwa mkononi mwa aliyeshinda.

Basi neno lisilainishwe. Anayetundika kichwa cha tandala ukutani kwake ng'ambo amechukua nyara, kwa halali na kwa ada, na lugha inamwambia hivyo bila matusi wala pongezi. "Kumbukumbu" ni picha.

Limebaki dogo moja. Wawindaji wakimfuata tembo mbali na kambi kuu, hulala siku mbili tatu kwenye kikambi chepesi: turubai, moto, birika, hakuna kitanda. Wafanyakazi wengi hukiita kwa Kiingereza, na wengine "kambi ndogo", jina la kitu kilichopungukiwa. Wavuvi wa pwani wanapohama kufuata samaki hupiga dago ufukweni, wengine husema ago, na samaki wakihama dago linavunjwa. Maana ni ileile, kitoweo tu ndicho tofauti. Mhehe au Msangu mwenye jina la nyumbani lililo bora zaidi alilete, nami nitalipokea kwa mikono miwili. Hadi hapo, kwenye karatasi yangu mfungasha safari ataandika: turubai mbili, maji lita sitini, dago siku tatu, mafuta juu ya mgeni.