Kutoka chusa hadi kamera



Ukifika Kizimkazi, kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja, kabla jua halijapanda, utawakuta vijana pwani wakigombea wageni. Kila mmoja ana boti, miwani ya kuzamia na maneno mawili matatu ya Kiitaliano. Biashara yao ni kuwapeleka watu baharini kuwatazama pomboo. Mgeni aliyelala hotelini huko Nungwi ameamshwa alfajiri kwa ajili hiyo, na akirudi kwao atawaonyesha jamaa zake picha. Wengi hudhani kazi hiyo imekuwepo siku zote, kama ulivyo msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107. La hasha. Kazi hiyo haijatimiza hata miaka 40, na pomboo hao hao, kabla ya kuwa kivutio, walikuwa chambo.

Nitarudi Kizimkazi. Lakini kwanza twende mbali kidogo, maana habari hii ina historia ndefu na bahari yetu imo ndani yake.

Watu wa mwambao walimfahamu nyangumi tangu zamani, ila si kwa kumfuata. Walimfahamu kwa ambari, ile dutu itokayo tumboni mwa nyangumi mwenye kichwa kikubwa, ambayo mawimbi huitupa ufukoni na watengenezaji wa manukato huinunua kwa fedha nyingi. Al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu aliyesafiri katika bahari hii karne ya kumi, alitaja ambari nzuri ya nchi ya Zanji. Aliyeiokota alimshukuru Mungu akaenda sokoni.

Katika karne ya 19 walikuja watu waliomfuata mnyama mwenyewe, na wengi wao walikuwa Wamarekani. Merikebu zao zilitoka New Bedford na bandari za jirani, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuwinda katika Bahari ya Hindi miaka miwili, mitatu, hata zaidi, bila kurudi nyumbani. Mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa na kulainisha mitambo. Unguja ilikuwa mahali pa kuchukua maji na chakula. Mmarekani mmoja, Ross Browne, aliyekuja na merikebu ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1840, aliachana nayo Unguja, na kitabu alichokitoa mwaka 1846 kililaani jinsi mabaharia walivyotendewa.

Kazi yenyewe ilianza kwa macho. Siku nzima mtu alikaa juu ya mlingoti akiangalia upeo wa bahari. Akiona pumzi ya nyangumi ikiruka kama moshi alipiga kelele, na mashua zikashushwa. Wapiga makasia walisogea kimya mpaka ubavuni mwa mnyama, ndipo chusa, yaani ule mkuki wenye kamba, likatupwa. Ili kufika hapo ilibidi nahodha ajue nyangumi hukaa chini muda gani, na baada ya kuzama ataibukia upande upi. Zingatia jambo hilo, msikilizaji. Mwindaji ndiye aliyekuwa mtazamaji wa kwanza. Ujuzi wote ambao leo mgeni anaulipia baharini ulikusanywa na watu waliokuja kuua.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Meksiko, katika rasi ya Baja California. Kila mwaka nyangumi wa kijivu husafiri zaidi ya kilomita 8,000 kutoka bahari ya Alaska kwenda kuzaa katika mikono ya bahari iliyotulia huko. Mwishoni mwa mwaka 1857 nahodha wa Kimarekani, Charles Scammon, aliingia na watu wake katika mmojawapo. Walikuta majike na watoto wao mahali pembamba pasipo pa kukimbilia. Mama aliyeona mtoto wake hatarini hakukimbia, aligeuka akavunja mashua, hata wawindaji wakawaita samaki wa shetani. (Nani shetani hapo, nakuachia wewe.) Baada ya miaka michache hapakuwa tena na wa kuwinda.

Mwaka 1946 mapatano ya kimataifa yaliwalinda nyangumi hao, wakaanza kuongezeka. Mwaka 1950, huko San Diego, watu walitengewa mahali juu ya mlima pa kuwatazama wakipita, na mwaka 1955 mwenye boti mmoja alianza kuwapeleka karibu kwa nauli ya dola moja. Hapo ndipo wengi wanapohesabu mwanzo wa biashara hii. Kisha mwaka 1972, kule kule Baja California, mvuvi aliyeitwa Francisco Mayoral alisogelewa na nyangumi, akanyoosha mkono akamgusa. Wavuvi wenzake walikuwa wakiwaogopa na kuwakwepa. Leo wavuvi wa hapo huwapeleka wageni, na idadi ya boti zinazoruhusiwa kuwa karibu na nyangumi kwa wakati mmoja imewekewa kikomo.

Bahari yetu nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Visiwa vya Shelisheli, nchi ndogo, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi isiyoruhusu uwindaji wa biashara. Mwaka 1982 tume hiyo hiyo ilipiga kura kusimamisha uwindaji wa biashara duniani kote, kuanzia 1986. Si wote waliotii. Japani ilijitoa mwaka 2019. Huko Iceland, katika bandari ya Reykjavik, kwa miaka mingi meli za kuwinda zilifungwa gati karibu na boti za kutazama.

Sasa turudi Kizimkazi. Mpaka katikati ya miaka ya 1990 wavuvi waliwakamata pomboo kwa nyavu na chusa, nyama ikawa chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo wageni walianza kuja, na mvuvi akagundua kwamba pomboo aliye hai analipa kesho na kesho kutwa. Chusa likawekwa. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikawa eneo la hifadhi. Hakuna askari aliyeleta mabadiliko hayo, yaliletwa na hesabu ya mfukoni, nami sioni aibu ndani yake.

Ila hesabu hiyo ina upande wa pili. Watafiti waliowahesabu pomboo wa hapo kati ya 1999 na 2002 walikuta kundi dogo, wale wa aina inayojulikana zaidi hawakufika 200. Na utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti zikiwepo, pomboo hupunguza kula, kupumzika na kuchezeana, na muda wao mwingi huwa ni kuogelea waondoke.

Nilikwenda mwenyewe asubuhi moja, na mzee aliyekuwa mvuvi ujanani. Tuliwakuta pomboo watano, mmoja na mtoto ubavuni. Boti saba zilikuwa zimewazunguka, na kila walipoibuka mashine zilinguruma na wageni wakarushwa majini mbele yao.

"Mzee," nikamwuliza, "zamani mlikuwa mkiwakamata vipi?"

"Hivi hivi, mwanangu. Tukiwazunguka. Ila sie tulikuwa na nyavu."

Akazima mashine, akangoja. Wageni wawili katika boti yetu wakanung'unika kwamba wao wamelipa sawa na wenzao. Boti sita zilizobaki ziliendelea na kazi mpaka pomboo wakazama upande wa kusini na hawakuonekana tena. Tulirudi pwani tukiwa na picha moja ya mgongo, na bakshishi ya mzee siku ile haikufika nusu ya waliyopata vijana.