Sembe, Dona na Neno Linalorudiwa

"Mashine yetu ya kusaga mahindi ndiyo mashine bora ya kusaga mahindi kwa kila anayetafuta mashine ya kusaga mahindi." Hakuna muuzaji wa dukani anayeweza kumtamkia mteja maneno ya namna hii bila kuchekwa. Mtandaoni, hata hivyo, sentensi za aina hiyo si ngeni. Huandikiwa injini ya utafutaji, kwa imani kwamba neno likitajwa mara nyingi ukurasa utapanda.

Imani hiyo ilikuwa na mashiko miaka ya 1990, injini zilipotegemea mno maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa wanafunzi wa uzamivu Stanford, walieleza njia ya kuupima ukurasa kwa viungo vinavyouelekea kutoka kwingine. Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa haihesabu katika kupanga matokeo. Februari 2011 likaja badiliko la Panda, lililoshusha kurasa zenye maudhui hafifu. Kwa maelezo ya Google yenyewe, liligusa asilimia 11.8 ya maulizo nchini Marekani. Anayeuza ushauri wa kurudiarudia maneno leo anauza dawa iliyokwisha muda.

Kwa Kiswahili hasara ni mara mbili, kwa sababu kitenzi chetu hakikai umbo moja. Huyu ataandika "mashine ya kukoboa", yule "mahindi yanakobolewaje", wa tatu "bei ya kukoboa gunia". Mwandishi aliyeng'ang'ania umbo moja amewapa kisogo wawili. Desemba 2019 Google ilieneza BERT, mfumo unaosoma neno kwa kuangalia yanayolizunguka, katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. Mashine haijawa bingwa wa ngeli, lakini sentensi iliyonyooka haina tena sababu ya kuiogopa.

Ugumu hasa uko kwenye msamiati. Mkenya huulizia posho mili. Mtanzania, mashine ya kukoboa na kusaga. Uganda posho ni ugali wenyewe, uko mezani. Kwa Mtanzania sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa, dona ni wa mahindi mazima. Ukurasa usiotenganisha hivyo viwili umeandikwa na mtu asiyejua anachouza, maana anayesaga dona peke yake hana haja ya kulipia mashine ya kukoboa. Kamusi nayo haisaidii sana: hata aliyefundishwa "tarakilishi" darasani, siku ya kununua huandika "kompyuta".

Kwa hiyo utafiti wa maneno unaanzia kwenye foleni ya mashineni, ndoo zikiwa zimepangwa na vumbi la pumba limetanda, kabla ya kufungua programu yoyote. Anayetaka kufungua mashine yake ana maswali yake hasa. Chekeche ya unga laini ipo? Nyundo zikilika, zinapatikana wapi? Dizeli au umeme? Kila swali linatosha kuwa kichwa kidogo cha ukurasa. La umeme litangulie, kwa kuwa aliyeko kwenye kijiji chenye fezi moja hawezi kuwasha mota ya fezi tatu bila kifaa cha ziada, na atataka kulijua hilo kabla hajatazama bei.