Miguu Kwanza, Pedali Baadaye

Tarehe 12 Juni 1817, ofisa wa misitu aitwaye Karl Drais alitoka mjini Mannheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo, akiwa amepanda kitu ambacho watu wa huko hawakuwahi kukiona barabarani. Kilikuwa cha mbao, na magurudumu mawili yaliyofuatana, kiti katikati, na mpini wa kuongozea gurudumu la mbele. Pedali hakikuwa nazo, wala mnyororo. Drais alikaa, akaegemeza mikono juu ya kibao kilichokuwa mbele ya kifua chake, akawa anasukuma ardhi kwa miguu, wa kushoto kisha wa kulia, akikimbia huku ameketi. Alikwenda hadi kituo cha kubadilishia farasi nje ya mji na kurudi, kilomita kama 14 kwa jumla, na safari nzima haikufika saa moja.

Wapo wanahistoria wanaosema njaa ndiyo iliyomsukuma. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, majivu yake yakaziba jua, na mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi. Mavuno yaliharibika, chakula cha farasi kikapanda bei, na mtu mwenye akili ya ufundi akaanza kuwaza usafiri usiokula. Wengine wanaona ushahidi wa maelezo hayo hautoshi. Lisilo na ubishi ni kile ambacho Drais alikionyesha wazi: mtu anaweza kukaa juu ya magurudumu mawili asianguke, mradi magurudumu yanatembea na mikono iko huru kuyaongoza. Hapo ndipo lilipo somo zima la baiskeli. Pedali ni nyongeza.

Mtoto wa miaka mitatu hahitaji somo jingine zaidi ya hilo kwa kuanzia. Inasikitisha kwamba ilipita miaka 180 kabla ya kutengenezewa chombo cha kumfundishia.

Walioanza kufundishwa walikuwa watu wazima. Mwaka 1819 Denis Johnson, fundi wa magari ya farasi jijini London aliyeunda toleo lake la mashine ya Drais, alifungua shule za kuwafundisha waungwana kuipanda. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris wakafunga pedali kwenye gurudumu la mbele, na tangu hapo miguu ikaondoka ardhini. Miaka ya 1870 gurudumu hilo la mbele likakua hadi kufikia mita moja na nusu, mpandaji akawa juu kiasi kwamba jiwe dogo tu lilitosha kumtupa mbele kichwa kikitangulia. Mtoto hakuwa na nafasi pale. Yeye alipewa baiskeli ya magurudumu matatu, na miaka ikapita.

Lakini baiskeli mojawapo ya aina hiyo ilibadilisha barabara za dunia nzima. Huko Belfast aliishi daktari wa mifugo, Mskoti John Boyd Dunlop, ambaye mwanawe Johnny alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye tairi za mpira mgumu, zisizo na upepo ndani. Barabara za mawe zilimtikisa mtoto. Mwaka 1887 Dunlop alichukua duara la mbao, akalizungushia mrija wa mpira, akaujaza upepo. Kisha akalibiringisha uani, akabiringisha na gurudumu la mwanawe kando yake. Lile la mpira mgumu likachoka na kulala; lile la upepo likaendelea. Usiku wa tarehe 28 Februari 1888 Johnny aliijaribu baiskeli yake ikiwa na tairi mpya, na kabla mwaka haujaisha baba yake alikuwa na hataza mkononi. Baadaye ilibainika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo hilohilo mwaka 1845, ila halikupata soko. Hata hivyo tairi iliyoenea duniani ni ile iliyoanzia kwenye baiskeli ya mtoto, na hilo lastahili kukumbukwa kila anapotajwa Dunlop.

Umbo la baiskeli tuijuayo leo lilikwishapatikana miaka michache nyuma. Baiskeli ya Rover, iliyotolewa na John Kemp Starley wa Coventry mwaka 1885, iliendeshwa kwa mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma, na magurudumu yake yalikaribiana ukubwa. Faida yake moja haitajwi sana: umbo hilo linaweza kupunguzwa. Viwanda vikaipunguza kweli, vikapata baiskeli za inchi 20, 16, hata 12. Tatizo ni kwamba aghalabu vilipunguza kipimo tu, bila kumfikiria mtoto mwenyewe. Chuma kilibaki kizito, mkono wa breki ukakaa mbali na vidole vifupi, kiti kikawa juu. Na kwa kuwa mtoto aliyekaa juu hawezi kukanyaga chini, vikafungwa vigurudumu viwili vya pembeni ili asianguke.

Vigurudumu hivyo vimeonekana katika picha nyingi sana za utoto wa karne ya 20, na wazazi huvinunua kwa mapenzi. Kwa bahati mbaya hufundisha kinyume. Anayeendesha magurudumu mawili akitaka kukata kona ya kushoto hulaza baiskeli kushoto. Ikianza kuanguka upande huo, usukani nao hugeuzwa kuufuata, magurudumu yakarudi chini ya mwili. Ni mchezo wa kuanguka na kujidaka usiokoma. Baiskeli yenye vigurudumu vya pembeni hailali. Mtoto akikata kona ya kushoto, mwili wake hutupwa kulia, naye huegemea kigurudumu cha kulia. Anaweza kufanya hivyo mwaka mzima, akawa hodari wa kupiga pedali, na siku vikifunguliwa akaanza upya kama aliyepanda kwa mara ya kwanza.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake. Kwa vizazi kadhaa nyumba nyingi zilikuwa na baiskeli moja tu, ya baba: Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Swala ya Dar es Salaam, au ile ambayo Wakenya waliiita Black Mamba. Tairi ni inchi 28, uzito kilo 20 na kitu, na bomba la juu la fremu humfikia mtoto wa miaka minane kifuani. Basi mtoto hakukaa kitini. Alipitisha mguu wa kulia chini ya bomba hilo hadi kwenye pedali ya upande wa pili, akakumbatia fremu kwa kwapa, mkono mmoja usukani, na baiskeli akailaza upande wa pili ili uzito ulingane. Alipiga nusu pedali, nusu pedali, mnyororo ukilalamika. Magoti yalichubuka, na kipigo kilimngoja iwapo rimu imepinda. Lakini balansi aliipata barabara, kwa sababu chombo hicho hakikuwa na cha kumshikilia.

Kule Goma, mashariki mwa Kongo, watoto wana somo jingine. Chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba magunia ya viazi na makaa kutoka milimani hadi sokoni, husukumwa kwa mguu mmoja na kuachwa kiteremke. Mji huo umekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Watoto huchongewa au hujichongea chukudu ndogo, na hujifunza kuongoza kabla ya kujua kupiga pedali. Drais angeitambua mara moja.

Huko Ulaya wazo lilirudi mwaka 1997, pale Mjerumani Rolf Mertens alipomtengenezea mwanawe baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyouzwa baadaye kwa jina la LIKEaBIKE. Mwaka 2007 Ryan McFarland wa South Dakota, Marekani, naye akimfikiria mwanawe, alianzisha Strider, ya chuma na nyepesi. Watafiti wa Ureno waliowauliza watu wengi walijifunzaje kuendesha walikuta kwamba walioanza na baiskeli ya kusukuma kwa miguu walijua kuendesha peke yao wakiwa na miaka kama minne, ilhali wa vigurudumu vya pembeni walichelewa hadi karibu miaka sita. Ni tofauti kubwa mno kwa umri huo.

Upande wa uzito, aliyepigana zaidi ni Isla Rowntree, Mwingereza aliyekuwa mwanamashindano wa baiskeli. Katikati ya miaka ya 2000 alianzisha Islabikes, akatengeneza baiskeli za watoto kwa kumpima mtoto kwanza: mpini mwembamba, breki ya vidole vifupi, fremu nyepesi. Kampuni nyingine zikamfuata, zikiwemo Woom ya Vienna na Frog ya Uingereza. Hoja yake ilikuwa ya haki. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo kama 14, na baiskeli ya chuma ya inchi 12 pamoja na vigurudumu vyake yaweza kufika kilo 8. Hakuna mtu mzima ambaye angekubali kujifunzia juu ya chombo kinachozidi nusu ya uzito wake.

Baiskeli hizo za Ulaya ni ghali, na mzazi wa Mwanza au Mombasa hana haja ya kuzitamani. Baiskeli ya mtumba ya inchi 12 inatosha, ikichaguliwa vizuri. Umri ulioandikwa kwenye kibandiko usimshughulishe. Kanuni za usalama za Ulaya na za Marekani zenyewe hutambua baiskeli za watoto wadogo kwa kimo cha kiti, mpaka ukiwa milimita 635. Mtoto asimame peku, apimwe kutoka sakafuni hadi pale mapaja yanapokutana. Kiti kikishushwa kiwe chini ya hapo kwa sentimita mbili au tatu, ili nyayo zote zikanyage na magoti yabaki yamekunjika kidogo. Ainyanyue mwenyewe. Abane breki mwenyewe.

Baada ya hapo ni kazi ya fundi na spana namba 15. Vigurudumu vya pembeni vifunguliwe, na pedali zote mbili zitolewe. Pedali ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida; ya kushoto hesi zake zimegeuzwa, hivyo hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa mshale wa saa, na asiyejua huikaza hadi aharibu. Mtoto aachwe asukume ardhi uani kwa wiki kadhaa. Siku atakapoinua miguu yote miwili na kuteleza hadi mwisho wa ua, akakata na kona, pedali zirudishwe na kiti kipandishwe kidogo. Anayemsaidia amshike kwapani, usukani auache mikononi mwa mtoto.