Kitenzi Kilichoitangaza Ujiji

Mwishoni mwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliingia Ujiji akitokea Bagamoyo, safari ya miezi zaidi ya saba. Kwa maelezo yake mwenyewe, Kiingereza cha kwanza kumlaki mjini kilitoka kinywani mwa Mwafrika: Abdullah Susi, mzaliwa wa Shupanga kando ya mto Zambezi na mtumishi wa David Livingstone, mmisionari ambaye Stanley alikuwa akimtafuta. Sifa hiyo ya Susi inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Baada yake ndipo Stanley alipomsalimu Livingstone kwa kitenzi ambacho wanafunzi wa Kiingereza duniani kote hukihusisha na Ujiji: “presume”, katika salamu “Dr Livingstone, I presume?”

Maana yake ni kulichukua jambo kuwa kweli kwa sababu zipo dalili za kutosha, ingawa uthibitisho haujapatikana. Hapo kinatofautiana na “assume”, kinachoweza kutumika hata pasipo dalili yoyote. Stanley alikuwa nazo dalili. Njiani alikuwa amesikia habari za mzee wa Kizungu mwenye mvi aliyefika Ujiji kutoka Manyema, na Susi alikwisha kumhakikishia. Kikiwekwa mwishoni mwa sentensi, kitenzi hicho hugeuza kauli kuwa swali la heshima. Kwa Kiswahili, “nadhani” ni dhaifu mno. “Bila shaka”, ikitamkwa kwa sauti ya kuuliza, inakaribia zaidi.

Huenda salamu yenyewe haikutamkwa kabisa. Kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zimechanwa, na Livingstone hakuyaandika maneno hayo. Tim Jeal, katika wasifu wa Stanley wa mwaka 2007, anaona kuwa Stanley aliyabuni baadaye. Hata hivyo yalichapishwa mwaka 1872 na kuenea.

Kiingereza chenyewe kilichelewa kuota mizizi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wajerumani, walioifikisha reli Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, walitawala kwa Kiswahili. Wabelgiji waliishika Kigoma tangu 1916 hadi walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921.

Leo kitenzi “presume” kina kazi nzito zaidi mahakamani, kwenye kanuni ya kumhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, kanuni iliyomo katika ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977. Mwanafunzi anayetaka kukitumia sawasawa ajiulize kwanza ana dalili gani; asipokuwa nayo hata moja, atumie “assume”.