Mikoba ya Kocha Mpya

Timu ikibadilisha kocha, kurasa zetu za michezo zina sentensi yake tayari: fulani amerithi mikoba ya fulani. Ni nadra mtu kuuliza mikoba hiyo ina nini ndani. Ninaupenda usemi huu kwa sababu mkoba ni wa mganga pia. Ndani yake mna tunguri, dawa na siri za aliyetangulia, na anayeurithi hapewi cheo kitupu. Anapewa na uwezo wa kuifanya kazi. “Kuchukua nafasi” hakuna uzito huo.

Sasa tuutazame msimu wa 2024 wa Chuo Kikuu cha Indiana, katika futiboli ya Marekani. Novemba 30, 2023 Curt Cignetti, akiwa na miaka 62, alitangazwa kocha mkuu badala ya Tom Allen. Timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 3 na kupoteza 9. Kwa mazoea yetu tungeandika kwamba Cignetti amerithi mikoba ya Allen, nasi tungekosea, kwa maana mtu huyu alifika na mkoba wake begani. Kutoka James Madison, chuo cha Virginia alichokifundisha tangu 2019, alikuja na Mike Shanahan wa ushambuliaji na Bryant Haines wa ulinzi, na wachezaji zaidi ya kumi, akina Aiden Fisher, D'Angelo Ponds, Elijah Sarratt na Mikail Kamara. Hilo silo kurithi. Huko ni kuhamia na mikoba, na ningependa waandishi wetu waanze kulisema hivyo.

Miaka ya nyuma jambo hilo lisingewezekana kirahisi. Mchezaji wa chuo akihama alilazimika kukaa nje msimu mzima, sharti lililolegezwa mwaka 2021. Siku hizi kuna kipindi cha kutangaza nia ya kuhama, na hapa Kiswahili cha Simba na Yanga hakihitaji kukopa chochote: ni dirisha la usajili. Kwa dirisha hilo hilo aliingia Kurtis Rourke, Mkanada aliyetoka Chuo Kikuu cha Ohio, awe kwotabeki, yule anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao.

Kurithi mikoba kwa maana yake kamili kumo pia katika maisha ya Cignetti, ila mahali pengine. Mwaka 2011 aliliacha benchi la ufundi la Nick Saban pale Alabama, timu kubwa mno, akaenda kukinoa kikosi cha chuo kidogo katika mji uitwao Indiana, jimboni Pennsylvania. Baba yake, Frank Cignetti, alikuwa kocha hapo kuanzia 1986 hadi 2005. Kocha mwingine alipita katikati, lakini uwanja wa kuchezea una jina la baba. Hapo mkoba ni mkoba kweli.

Tukirudi kwenye msimu wa 2024, Chuo Kikuu cha Indiana kilishinda mechi 10 mfululizo, idadi ambayo kilikuwa hakijawahi kuifikia katika msimu wowote kabla ya hapo. Nebraska ilipigwa 56-7. Ohio State ndiyo iliyowasimamisha, 38-15, na Desemba 20 Notre Dame ikawatoa katika mchujo wa ubingwa wa taifa kwa 27-17.

Kati ya vipigo hivyo viwili kuna mechi moja inayonifurahisha kama mpenda maneno. Magazeti ya Dar es Salaam husema timu imebeba ndoo, likimaanishwa kombe. Indiana na jirani yake Purdue, tangu 1925, hushindania ndoo hasa, ya mti wa mwaloni, yenye mnyororo wa herufi za shaba: mshindi huongeza I au P kila mwaka. Mwaka huo Purdue ilifungwa 66-0, I moja ikaongezwa kwenye mnyororo, na yeyote ambaye angeandika kwamba vijana wa Cignetti walibeba ndoo angekuwa ameandika habari ilivyo, neno kwa neno.