Idhini ya Kuvuka Mpaka

Mwanafunzi wa Songea, apitaye karibu na makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, haoni kwa nini aliyevamiwa aombe ruhusa ya kupigana. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na tarehe 2 Novemba Rais Nyerere akalitangazia taifa vita. Hapo haki yetu ilikuwa wazi.

Swali gumu lilizaliwa mpakani. Adui alipokwisha kutimuliwa, jeshi letu liliingia Uganda mapema 1979, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1963, ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Sudan na Nigeria zilitulaumu. Lawama ile ilikuwa na msingi wa sheria. Lakini je, Umoja ulioshindwa kumlaani mvamizi ungeombwa idhini gani?

Ibara ya 44 ya Katiba yetu humpa Rais uwezo wa kutangaza vita, kisha Spika huitisha Bunge katika siku 14 kulitafakari tangazo. Kuhusu kuvuka mpaka, ibara hiyo ni kimya.

Machi 2008 askari wetu walishuka Nzwani, kisiwa cha Komoro, kwa ombi la serikali ya Komoro na kwa baraka za Umoja wa Afrika. Mwenyekiti wa Umoja huo alikuwa Rais wetu mwenyewe, Jakaya Kikwete.